Spika za Nyuma Hazinitii Tena

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu, na pole kwa kazi ya kusoma barua za watu wenye hasira. Mimi si mmoja wao. Mimi ni mkaguzi wa mizani, mtumishi wa umma kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, na katika kazi yetu hasira hairuhusiwi kwa sababu hutikisa mkono, na mkono ukitikisika, kilo moja ya sukari huacha kuwa kilo moja. Nakuandikia nikiwa nimetulia kabisa, mezani kwangu, mlango nimeufunga. Kalamu hii ni ya pili. Ya kwanza imevunjika yenyewe.

KUH: MAKALA “BADILI REDIO YA GARI, USIPOTEZE SPIKA HATA MOJA”

Makala hiyo ilitoka katika ukurasa wenu wa magari, imeandikwa na mtaalamu wenu anayejiita Bwana Plagi. Naomba nianze kwa kumpongeza. Si kila mtu anaweza kuandika maneno mia nne tu na kuwagombanisha watu wanne ambao hajawahi kuwatia machoni. Wengine wakitaka kufanya kazi hiyo huhitaji kwanza kuhamia nyumba ya jirani.

Niliikata makala kwa mkasi na kuiweka kwenye faili la plastiki pamoja na vyeti vyangu vya shule. Ameandika, na ninanukuu herufi kwa herufi: “Redio mpya haina sababu ya kukunyima utawala wa spika zako. Mbele, nyuma, kushoto, kulia, zote zitaendelea kukutii.” Kukutii, Ndugu Mhariri. Nina miaka hamsini na miwili na nina familia. Hakuna mtu aliyewahi kuniahidi utii kwa maandishi. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Inafaa sasa nikueleze gari lenyewe, maana wasomaji wako wengine watadhani ninadekea redio kama mtoto. Gari langu ni jeupe, la milango mitano, si jipya. Kila siku ya kazi, saa moja kasoro robo asubuhi, hubeba watu wanne. Mbele nakaa mimi nikiendesha, na mke wangu, fundi wa maabara hospitalini. Nyuma yangu hukaa baba yangu mzazi, mpiga chapa mstaafu, ambaye mitambo ya kiwandani ilimlia masikio kwa miaka arobaini na bado kila siku anapelekwa huko huko kuwaamkia vijana na kuwaonyesha wanachokosea. Nyuma ya mke wangu hukaa mama yake, yaani mama mkwe wangu, mwalimu mkuu mstaafu, anayesimamia shule ya chekechea kwa hiari yake na kwa sauti ya chini ambayo watoto huiogopa kuliko radi. Wote wawili wamefiwa na wenzao, na wote wawili wanaishi kwangu. Mwezi ujao watatimiza miaka miwili. Safari yetu huchukua dakika thelathini na tano foleni ikiwa na huruma.

Redio iliyokuja na gari ilikuwa na kitufe cha duara. Ukikibonyeza mara moja, unaihamisha sauti mbele au nyuma. Ukikibonyeza tena, unaipeleka kushoto au kulia. Baada ya miezi mitatu ya majaribio niliyoyaandika kwenye daftari, niligundua kipimo sahihi cha amani ya familia yangu: nyuma saba, kulia tatu. Kwa kipimo hicho baba alipata taarifa ya habari kwa nguvu inayomtosha, mama mkwe akapata masalia ya habari hiyo bila kuumwa kichwa, na mbele pakawa kimya kama sebule ya wageni. Humo, katika kimya hicho, mimi na mke wangu tulikuwa tukizungumza. Nyumbani hatuzungumzi. Nyumbani kuna baba anayeuliza “Nini?” na mama mkwe asiyehitaji kuuliza. Kwa hiyo dakika zile thelathini na tano ndizo zilizokuwa ndoa yangu. Naomba uzikumbuke unapoendelea kusoma.

Kisha kioo cha redio kikafa. Ukawa huoni namba ya stesheni wala kipimo, unabonyeza tu kwa imani. Shemeji yangu akaanza kuliita gari langu makumbusho. Wiki hiyo hiyo likatoka gazeti lako. Nikampelekea makala fundi wa redio za magari wa mtaani kwetu, ambaye watu humwita Besi kwa sababu ya kazi yake na pia kwa sababu ya sauti yake. Aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia, akasema kazi hiyo yeye anaifanya amefumba macho. Asubuhi nikaliacha gari kwenye kontena lake. Jioni likafika nyumbani likiwa na kioo cha kugusa kikubwa kama sinia.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kioo hicho kina picha ya gari linaloonekana kutoka juu, lenye viti vinne na nukta nyekundu katikati. Unaigusa nukta kwa kidole na kuivuta unakotaka sauti iende. Asubuhi ya kwanza niliivuta nyuma hadi mwisho. Nukta ilikwenda. Sauti ilibaki. Nikaivuta mbele, ikaja kwa adabu zote, sauti ikabaki vile vile, imejaa gari zima kama harufu. Kushoto na kulia inatii. Mbele na nyuma inajifanya haijui. Sisi kazini mizani ambayo mshale wake unacheza na sahani imesimama tunaipiga lakiri, na mwenye duka anaitwa ofisini ajieleze. Nilimrudia Besi nikamweleza hayo kwa lugha ya kitaalamu. Akaniambia kwamba gari la aina hii lina kisanduku cha kukuza sauti ambacho kiwanda kilikificha chini ya kiti, na kwamba nyaya za mbele na za nyuma ameziunga pamoja zikawa njia moja. Nikamuuliza kwa nini. Akatazama viatu vyake. “Sauti si inatoka, mkuu?” akasema. “Spika nne zote zinalia. Unataka nini tena?” Nimemsamehe, kwa kuwa yeye hakuandika makala. Alisoma tu, kama mimi.

2. Kwa kuwa sauti sasa ni moja kwa wote, imebidi iwe na kiasi kimoja kwa wote, na watu waliomo humo hawajawahi kukubaliana hata kiasi cha chumvi. Baba akisema ongeza, naongeza. Mama mkwe hasemi punguza. Anafumba macho tu na kubana midomo, namna ile ambayo bila shaka iliwafanya walimu wenzake waombe uhamisho. Napunguza. Baba anagonga kiti changu kwa goti. Naongeza. Katika safari moja, kutoka nyumbani hadi kwenye taa za kwanza za barabarani, nilihesabu mara kumi na nne. Mke wangu naye alifungua mdomo aniambie jambo, akakuta inabidi apige kelele, akaufunga. Siku ya pili hakuufungua. Siku ya tatu alikuja na kitabu.

3. Lalamiko hili nimelifuta. Lilihusu shemeji yangu na lilikuwa na maneno ambayo gazeti la familia haliwezi kuyachapa.

4. Nikaona nitumie kilichobaki. Kama sauti haitaki kugawanyika mbele na nyuma, basi igawanyike kushoto na kulia, kama Bwana Plagi alivyoahidi. Niliivuta nukta hadi upande wangu. Baba, aliye nyuma yangu, akapata habari zake, na upande wa pili wa gari ukawa kimya. Ungedhani nimefaulu. Kumbe nimewajengea wanawake wawili chumba chao. Mama mkwe akajisogeza mbele, akaweka mkono kwenye bega la kiti cha binti yake, wakaanza kuzungumza. Walizungumza Jumatatu, wakazungumza Jumanne. Mimi nilikuwa upande wa pili wa gari langu mwenyewe, masikio yamejaa bei za mazao, nikiona midomo tu ikienda. Ukiona midomo inakwenda na husikii, na mmoja akakutupia jicho halafu akamwinamia mwenzake, huhitaji kuambiwa mada ni nani.

Jumatano nilitega kioo cha juu ili niwasome midomo. Ninakiri kwamba kioo hicho hakikuwekwa kwa kazi hiyo. Kwenye lango la chekechea nilisoma, au nilidhani nimesoma, neno “mchoyo”, na katika kujaribu kupata lililofuata niligonga pipa la mchanga linalozuia magari yasipite kwa kasi. Pipa lilianguka. Watoto wapatao thelathini waliokuwa wamepanga mstari walipiga makofi, kwa kuwa walidhani ni sehemu ya masomo. Mama mkwe akashuka, akakung’uta sketi yake, akaniambia nisijali, mchanga huzoleka. Alisema kwa upole. Upole huo ulinikera kuliko bampa lililobonyea.

Niliandika kwenye daftari: chanzo cha ajali, makala.

5. Hapa, Ndugu Mhariri, nakuomba usome ukiwa umekaa.

Redio hii mpya hujiunga na simu ya mwenye gari. Kwa kujiunga huko, mtu akikupigia, sauti yake hutoka kwenye spika. Zamani, kama redio ya kwanza ingekuwa na uwezo huo, ningeipeleka mbele kabisa na kuipunguza, na mambo yangu yangebaki yangu. Makala yenu inasema wazi kwamba ningekuwa na uwezo huo. Sikuwa nao.

Alhamisi, saa moja na dakika tano, tukiwa tumesimama kwenye foleni, dalali alinipigia. Niliigusa sehemu ya kukata. Kidole kilikuwa na mafuta ya chapati. Kioo kikaelewa kwamba nimepokea. Sauti ya dalali ikatoka mbele, nyuma, kushoto na kulia, safi, bila mkwaruzo. Nakiri kwamba kwa ubora wa sauti Besi ni fundi. Ilisema: “Bosi, ile nyumba ndogo ya kuwahamishia wazee imepatikana. Vyumba viwili, jiko, na choo cha ndani. Wewe tu sasa, wakitoka kwako hata kesho wanaingia.”

Gari la mbele yetu lilisogea. Mimi sikusogea. Watu wakapiga honi.

Baba ndiye aliyesema kwanza. Miaka miwili hajawahi kusikia sentensi nzima bila kurudiwa, lakini hii aliisikia, maana ilisemewa sikioni kwake kwa nguvu zote za kiwanda na za Besi. Aliuliza, si kwa ukali, wazee wanaosemwa ni wazee gani. Mama mkwe akamgeukia, akamshika mkono, akamwambia karibu na sikio ambalo bado linafanya kazi: “Ni sisi, mzee mwenzangu. Mimi na wewe.” Kisha akaniuliza mimi kama nyumba hiyo ina ngazi, kwa sababu magoti yake hayapendi ngazi. Aliuliza kama mtu anayeuliza basi linapita wapi.

Mke wangu alisubiri hadi tulipofika hospitalini. Alikuwa hajui, Ndugu Mhariri. Dalali nilimpata kupitia mwenye duka mmoja niliyemkagulia mizani, na nilikuwa nimepanga kumweleza mke wangu jambo likishaiva. Alifungua mlango, akashusha mguu mmoja, akanigeukia. “Miaka miwili tumekaa peke yetu hapa mbele, kila asubuhi,” akasema, “na hilo hukuniambia.” Akafunga mlango taratibu. Angeubamiza ningejua pa kuanzia.

Tangu siku hiyo amehamia kiti cha nyuma, katikati… hapana, naomba niwe sahihi: amehamia nyuma ya kiti changu, mahali pa baba, na baba amehamia mbele. Baba amefurahia sana. Anasema huku mbele redio inasikika kila neno. Anakigusa kioo kwa kidole chake cha mpiga chapa, anasogeza stesheni, ananisimulia habari ambazo nimetoka kuzisikia pamoja naye. Nyuma kuna wanawake wawili. Sijui wanazungumza nini, sasa kioo cha juu nimekiinua nisiwaone.

6. Ungedhani mambo yangeishia hapo. Mtu akifumaniwa na jambo kama hilo hutegemea walau kulaumiwa, akajitetea, yakaisha. Nilikuwa nimeshaandaa utetezi wa kurasa mbili. Sikuulizwa. Jumamosi asubuhi niliwakuta wazee wangu wawili wamekaa sebuleni wamevaa nguo za kutokea, mama mkwe na mkoba mapajani, baba amechana nywele. Watu hawa, kwa miaka miwili, hawakuwahi kukubaliana dirisha lifunguliwe au lifungwe. Baba akaniambia kwamba yeye na mwalimu wameonelea waende kuiona nyumba.

Niliwapeleka. Ningefanyaje? Dalali alitupokea kwa bashasha, akawaita mama na baba. Mama mkwe alifungua bomba moja moja na kusubiri maji yabadilike rangi. Alifungua kabati la jikoni akanusa. Baba aligonga kuta kwa vifundo vya vidole, akaweka kiganja ukutani, akasema hapa hapana unyevu. Chumba kimoja dirisha linatazama barabara, na kingine linatazama ukuta wa jirani. Mama mkwe akasema yeye atachukua cha ukutani kwa sababu mzee anapenda kuona watu wakipita. Akalisema hivyo hivyo, kama amelijua siku zote. Mimi sikulijua. Ni baba yangu, nimemjua maisha yangu yote, na kwangu chumba chake kinatazama tangi la maji.

Wakasimama katikati ya sebule tupu, baba akaniambia: “Panatufaa. Tutahama mwisho wa mwezi.” Akanishukuru kwa kuhangaika.

Sasa nakuuliza, Ndugu Mhariri, wewe na mtaalamu wako: nani aliomba wakubali? Nilipomtafuta dalali nilitaka nyumba iwepo. Sikusema watu wahame. Kuna tofauti kubwa kati ya mlango ulio wazi na mtu kutoka kupitia mlango huo, na mtu yeyote aliyewahi kukagua mizani anajua kwamba sahani tupu nayo ina uzito wake. Tangu Jumamosi wanapanga vitu. Baba amefunga vitabu vyake kwa kamba, kamba anayoifunga kama ya vifurushi vya kiwandani, mafundo mawili na nusu. Mama mkwe anamwonyesha wapi aandike majina. Wanacheka huko chumbani. Nikipita wananyamaza, kisha baba ananiuliza kwa heshima nina habari gani.

Kwa kifupi, makala ya Bwana Plagi imenivunjia ndoa, imenitolea mke kwenye kiti cha mbele, imemfundisha baba yangu kusikia, imempatia mama mkwe wangu mshirika, na inakaribia kunitolea wazazi wote wawili nyumbani kabla ya tarehe ya mwisho wa mwezi. Kama huo si uzembe wa kitaaluma sijui uzembe ni nini.

Naomba basi hatua zifuatazo zichukuliwe, na nimezipanga kwa kuanzia ile rahisi ili msichoke. Kwanza, gazeti liombe radhi ukurasa wa mbele, kwa herufi za ukubwa ule ule mliotumia kwa neno USIPOTEZE. Halafu Bwana Plagi aje mwenyewe kusafiri nasi kwa wiki moja, saa moja kasoro robo bila kuchelewa, akae kiti cha nyuma katikati, kwenye ile nundu ya sakafu, miguu imekunjwa, aivute nukta mbele na nyuma kwa kidole chake mwenyewe, na kila anapoivuta amweleze mke wangu kilichobadilika. Na mwisho, itungwe sheria kwamba kila redio ya gari ipimwe na wakaguzi wenye sifa, ipigwe lakiri, na ile ambayo haiwezi kuwatenganisha watu wa mbele na wa nyuma isiruhusiwe kuingia kwenye gari lenye ndugu. Nipo tayari kuandaa vipimo. Nina daftari.

Natumaini ombi langu litapokelewa kwa uzito unaostahili, na ninakushukuru kwa nafasi katika gazeti lako, ambalo nitaendelea kulinunua, ingawa sasa ukurasa wa magari nautoa kabla halijaingia nyumbani.

Nisalimie wote hapo ofisini: wapanga kurasa, wanaosahihisha herufi, dada wa mapokezi aliyeniambia mara tatu kwa simu kwamba mhariri yuko kikaoni, na yule dereva anayesambaza magazeti, ambaye naamini gari lake halina redio na hivyo nyumba yake iko salama. Bwana Plagi naye msalimie, kwa upande mmoja tu, asije akasikia kupita kiasi.

Wako katika usahihi,

Mkaguzi wa Mizani,
Mwenye Spika Nne na Utawala wa Mbili

Tanbihi: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha. Nimeifungua kwa mvuke wa birika, kwa hiyo usishangae gundi.

Leo mchana nilimrudia Besi mara ya mwisho nikiwa na makala mkononi, nikamwambia nakwenda kuyapeleka haya gazetini na jina lake litakuwamo. Akaniomba nikae kwenye kiti chake cha plastiki. Akaniambia nyaya nne ziko pale pale, zima, amezifunga kwa tepu nyeusi chini ya kiti, na kuzitenganisha ni kazi ya dakika kumi. Alikuwa amezitenganisha siku ile ya kwanza, na nukta ilifanya kazi mbele na nyuma kama makala inavyosema. Aliyemwambia aziunge ni mke wangu, alipokwenda kulichukua gari. Alimwomba pia asiniambie, na Besi, ambaye hajawahi kukaa kimya juu ya jambo lolote, kwa ajili ya mke wangu alinyamaza.

Nilimkuta nyumbani anakunja koti lake jeupe la maabara. Nikamuuliza. Hakukana. Akaniambia kwamba kwa miaka miwili mama yake alikuwa amekaa pale nyuma, spika imewekwa mlangoni mwake, anatazama vichwa vyetu viwili vikiinamiana mbele na midomo ikienda, na kila siku alishuka langoni akiamini kwamba tumemsema yeye. “Hajawahi kuniambia,” akasema. “Nilimsikia akimwambia baba yako. Walikuwa wanaulizana ni nani kati yao anayetuchosha zaidi.”

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Sikuwa na daftari.

Kisha nikaenda chumbani kwa wazee. Niliomba radhi, na kwa sababu ya masikio ya baba ilinibidi niombe mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, hadi jirani naye nadhani amenisamehe. Nikawaomba wasihame. Baba akamtazama mwalimu. Mwalimu akasema watafikiri, watanijibu Jumatatu, ndani ya gari, wote tukiwepo.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, barua hii usiichape. Kama imeshapita mitamboni, basi chapa tanbihi hii peke yake. Makala ya Bwana Plagi ni sahihi, neno kwa neno, na maagizo yake yanafuatika hata na mtu asiye fundi. Besi ameniuliza azitenganishe nyaya au aache. Nimemwambia aache.